Naomba ushauri: jirani amejenga gati na kufunga njia ya kwenda ziwani

Ndugu zangu wenye uzoefu wa masuala ya ardhi, naomba mnisaidie mawazo.

Mimi ni mmoja wa wamiliki wa viwanja vinne vilivyokatwa kutoka shamba moja kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, na kwa miaka mingi sote tumekuwa tukitumia njia moja yenye upana wa mita 3 kushuka mwaloni kuteka maji na kufunga mitumbwi. Njia hiyo imo kwenye ramani ya upimaji, ingawa hati zetu haziitaji. Mwezi uliopita mmiliki mpya wa kiwanja cha chini alijenga gati la mbao, akafunga njia kwa mnyororo na kufuli, kisha akatutangazia kuwa anayetaka kupita alipe. Mtumbwi wangu niliukuta umeburutwa juu ya mawe, kamba imekatwa kwa panga.

Ninavyofahamu, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo sielewi kibali alikipata wapi, kama anacho. Baraza la kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, limemwita mara mbili na hakufika.

Je, niende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kudai haki ya njia, au nianze na malalamiko ya mazingira kuhusu gati? Na je, ninaweza kufungua shauri peke yangu? Mwenzetu mmoja anasitasita, kwa kuwa jirani huyo ni shemeji yake.