Mama mmoja baba mmoja, mbona uchungu wa kuzaa hatukufanana?

Mama Shani, Newala
Shikamooni wakubwa. Mwaka juzi nilijifungua Shani. Njia sentimita nne tu, nikapiga kelele mpaka mlinzi wa getini akalijua jina la mume wangu. Mwezi uliopita mdogo wangu kapata mtoto wake wa kwanza: kauma kitenge, kimya, nesi anageuka anakuta kichwa kinatoka. Basi mawifi wananiita mwoga, ati sikufundwa. Tulichezwa unyago pamoja, kungwi yule yule! Sasa nina mimba ya miezi saba. Ni uoga, au watu tumeumbwa tofauti?

Mkunga mstaafu, Lindi
Marahaba mwanangu. Mmeumbwa tofauti. Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichunguza wanawake waliozaa mtoto wa kwanza bila kuomba dawa ya maumivu. Baadhi walikutwa na badiliko kwenye jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo KCNG4. Analo kama mwanamke mmoja kati ya 100. Neva zao za kizazi ni nzito kushtuka. Sisemi mdogo wako ndiye, hatujampima. Ila ndugu wa tumbo moja hawarithi sawasawa. Mbona mmoja huwa mrefu na mwenzake mfupi, hakuna anayemlaumu kungwi?

Hofu nayo ina kazi yake. Ukiogopa, adrenalini, homoni ya hofu, inapanda, mikazo ya kizazi inapungua nguvu, leba inarefuka. Nani alikaa nawe?

Mama Shani, Newala
Hakuna. Mama aliachwa nje na chupa ya uji. Mdogo wangu alikuwa na shangazi, anamsugua kiuno.

Tabibu, Masasi
Hata dawa hazifanyi kazi sawa kwa kila mtu, dada. Kodeini, dawa ya maumivu, hugeuzwa na ini kuwa mofini, ndiyo inayotuliza. Kuna ambao ini lao linageuza kidogo sana, wanaona wamemeza chaki. Wengine linageuza kwa kasi, mofini nyingi inaingia kwenye maziwa, inaweza kumdhuru mtoto. Marekani tangu 2017 wanaonya anayenyonyesha asiitumie. Kama kuna dawa iliwahi kukukataa, mwambie nesi. Na usimeze vidonge alivyobakiza jirani.

Mkunga mstaafu, Lindi
Kliniki ijayo uliza kama utaruhusiwa kuingia na mtu. Shirika la Afya Duniani linataka kila mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe.

Mama Shani, Newala
Asante mama. Shangazi kakubali. Wifi mkubwa naye anataka kuja, nimemwambia abaki abangue korosho.