Tupeane uzoefu: Mpwa uliyemfundisha kukwangua vocha, leo ndiye anayekufundisha wewe

Shangazi wa Soni
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Juzi nilikuwa nahangaika na barua ya kuomba kibali cha ujenzi, mpwa wangu akaichukua simu mkononi mwangu, akaiambia akili mnemba maneno mawili matatu, na barua ikatoka imenyooka kuliko zote nilizoandika katika miaka yangu 26 ya ukarani. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, kisha nikajikuta nimenuna, wala sikujua ninamnunia nani.

Kilichonijia ni mwaka 2005. Binti huyu wa kaka yangu alikuwa na miaka sita, na nyumbani kwa bibi yake, huku milimani Lushoto, simu ilikuwa moja tu, nayo ilikaa ndani ya kikombe cha bati kilichofungwa kwa waya kwenye nondo ya dirisha la jikoni, kwa kuwa hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Ukiitoa kikombeni, mazungumzo yamekatika. Ilikubidi uingize kichwa dirishani huku moshi wa kuni ukikutoa machozi, na waliokuwa wakipita njiani walidhani umeletewa habari ya msiba. Siku moja nikampa mtoto vocha ya shilingi 1,000 aikwangue. Nilimwonyesha kwa sarafu, polepole, kuanzia kushoto. Yeye akaona sarafu inamchelewesha, akaokota msumari, na tarakimu tatu za katikati zikaondoka pamoja na ile rangi ya fedha. Alikaa kizingitini ameishika karatasi kwa ncha za vidole, macho makavu, na hakulia mpaka nilipomwambia kwamba si neno. Tukashuka naye dukani, mwenye duka akapiga simu ya huduma kwa wateja, akawasomea zile namba ndogo za vocha, na salio likaingia. Njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akiniuliza swali moja: huyo mtu wa ndani ya simu amejuaje kwamba hatumdanganyi?

Naomba kusikia ya kwenu.

Mja wa Bara
Kikombe cha bati nimekikumbuka sana. Kwetu ilikuwa ni kupanda kichuguu, na kwa sababu juu ya kichuguu lazima upaze sauti, hapakuwa na mchumba ambaye kijiji kizima hakikumjua.

Mlinzi wa Lugha
Kisa ni kizuri, lakini niruhusu kusahihisha. Mpwa ni mtoto wa dada, naye humwita mwenye kusema hivyo mjomba. Binti wa kaka yako, wewe shangazi, ni mwanao, kwa maana wewe kwake ni baba wa kike.

Shangazi wa Soni
Ndugu yangu, kama ni mwanangu basi njoo unisaidie kumlipia ada ya chuo.

MwanaMvita
Sisi huku Mombasa tuliadhirika kwa sababu ya saa. Binti wa dada yangu amekulia Nairobi, saa aijuayo ni ya simu tu, na hajawahi kufunga saa ya mshale mkononi. Mwaka juzi alimpigia nyanya yake akamwambia kwamba angefika saa nane. Nyanya akapanga wali wa nazi na samaki wa kupaka viwe tayari saa nane mchana, na asubuhi akaenda zake Marikiti kununua nazi. Msichana alishuka kwenye basi la usiku, akagonga mlango saa mbili asubuhi, hapakuitika mtu, akakaa barazani juu ya begi lake mpaka jua likamfikia miguuni. Nyanya aliporudi na kikapu, mtoto akamwonyesha kioo cha simu kilichokuwa kikihifadhi ujumbe wake wa kuwasili: 8:00. Akasema kwa adabu zote, "Nyanya, si hii hapa saa nane?" Mama yetu hakumjibu. Alivua saa yake ya mkononi, akamwekea kiganjani, akamwonyesha namba iliyo upande wa pili wa mshale. Mtoto aliigeuzageuza ile saa kana kwamba amepewa dira ya jahazi.

Dada wa Kati
Wangu simu yake ilizimwa Juni 2016, ule usiku simu feki zilipozimwa Tanzania nzima. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na simu yenyewe nilimnunulia mimi, tena kwa majivuno, nikiamini ni halisi. Hakuniamini tena katika manunuzi yoyote tangu siku hiyo, hata viatu.

Fundi Cherehani
Sikukusudia kuandika, lakini hiyo habari ya mtu wa ndani ya simu imenikaa vibaya kifuani.

Mwaka 2013 nilikuwa naishi Tanga mjini na binti wa dada yangu, aliyekuwa darasa la tano. Mimi ni fundi wa kushona. Macho yangu yalikuwa yameshaanza kunikimbia na miwani niliiona ni gharama, kwa hiyo mtoto huyo ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano, ndiye aliyenisomea kila ujumbe, ndiye aliyetumwa kwa wakala, na namba yangu ya siri aliijua kama alivyolijua jina lake. Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana cha mtaani, na ndani ya simu palikuwa na shilingi 840,000 za watu.

Jumamosi moja jioni niliingia kuoga, nikaiacha simu juu ya meza ya kukatia nguo. Ikaita, mtoto akapokea. Sauti ilikuwa ya mzee, ya upole, ikamwita mjukuu wangu. Ikamweleza kwamba amekosea namba, kwamba fedha za matibabu ya mkewe zimeingia kwenye simu ile, na mgonjwa yuko kitandani anangoja dawa. Mtoto akauliza ni kiasi gani. Mzee akamwambia aangalie salio atajionea mwenyewe, na mtoto alipolisoma kwa sauti, mzee akasema, "Basi ndizo hizo hizo, mjukuu wangu." Akamwongoza kituo kwa kituo, bonyeza hapa, andika hii, sasa weka namba ya siri. Mimi nilikuwa nimejaa povu kichwani niliposikia anagonga mlango wa bafu la uani.

"Mjomba, nimeshamrudishia yule babu hela yake. Amesema Mungu anibariki."

Alikuwa na furaha. Hiyo sauti ndiyo ninayoikumbuka kuliko fedha, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyemlea kwa kumwambia kwamba kisicho chako hakilali nyumbani kwako. Nilitoka na taulo, nikampiga kofi mbele ya wapangaji wenzangu, akaangukia kwenye beseni la nguo zilizolowekwa. Hakuuliza kosa lake. Nilipopata mtu wa huduma kwa wateja, fedha zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala wa mkoa mwingine, na kituoni nilipewa namba ya jalada, basi. Niliuza cherehani moja kati ya mbili nilizokuwa nazo, nikalipa chama. Likizo ilipofika mtoto akaenda kwa mama yake Korogwe na hakurejea. Dada yangu aliniambia kwamba kila simu ya pale nyumbani ilipoita, mtoto alitoka nje.

Mama Wawili
Fundi, nimesoma mpaka mwisho na nimekukasirikia. Mtoto wa miaka kumi na moja umpe namba ya siri ya fedha za marehemu, kisha umpige kwa wema uliomfundisha wewe mwenyewe!

Kitochi
Tusihukumu kwa akili za leo. Fedha za simu ziliingia Tanzania mwaka 2008, kwa hiyo mwaka huo wa 2013 zilikuwa na miaka mitano tu, na hata watu wazima wenye shahada waliingia katika mitego hiyo hiyo. Halafu fedha za msiba si mchezo. Angefiwa mtu usiku ule, fundi angejieleza vipi?

Mama Wawili
Angejieleza kwa mdomo, si kwa kofi.

Mja wa Bara
Je, yule mzee alipatikana?

Mlinzi wa Lugha
Huyo, kama ni binti wa dada, ndiye mpwa hasa.

Kitochi
Ndugu Mlinzi, kwa heshima zote, fungua uzi wako wa ukoo tukufuate huko.

Msafiri wa Muscat
Naomba niwapoze. Mimi mpwa wangu nimemwona akikua kwa vipande vipande. Ndugu zetu waliotangulia kuja huku Oman walitumiana kaseti, mtu anazungumza upande wa kwanza mpaka unaisha, na upande wa pili anaachiwa mama ajibu. Mimi nilimkuta mtoto kwenye zama za imo, ile programu ya kupigiana simu za picha, kwa sababu kupigiana kwa WhatsApp huku kulikuwa kumefungwa. Alizaliwa Unguja mwaka 2014. Kila Ijumaa baada ya sala tulionana, picha ikiganda katikati ya maneno, na jino lake la kwanza kung'oka nililiona limeganda hivyo hivyo, mdomo wazi, kwa muda wa dakika nzima.

Nilipotua mwaka 2019 alinikimbia. Nilikuwa mrefu mno, nadhani, na nilikuwa na miguu. Alijificha nyuma ya kanga ya mama yake mchana kutwa wala hakuigusa zawadi niliyomletea. Usiku simu yangu ikaita, nikaona ni ya dada yangu, ambaye alikuwa jikoni mbele ya macho yangu. Kumbe mtoto ameichukua akaenda nayo chumba cha pili, akanipigia. Nikapokea. Akanisalimu vizuri, akaniuliza nimekula nini, tukazungumza ukuta mmoja ukiwa katikati yetu, sauti yake nikiisikia mara mbili, mpaka akalala.

Dada wa Kati
Hapo kwenye miguu nimecheka, kisha nimenyamaza.

MwanaMvita
Ushauri wangu kwa wenye wapwa wadogo ni kuwapa simu za vitufe mpaka wamalize kidato cha nne.

Mama Wawili
Ukimnyima, ataazima ya mwenzake, na huko hutaona chochote. Ni heri umpe yako na ukae naye.

Kitochi
Mimi nimetii mashauri yote mawili. Nilimpa kitochi, akakibadilishana na rafiki yake kwa simu janja yenye kioo kilichopasuka, na sasa tunakaa wote tukitazama mapishi tusiyo na vyombo vyake.

Fundi Cherehani
Nimesoma yote. Mama Wawili, sina la kujitetea. Mja wa Bara, hakupatikana.

Kuhusu mtoto mwenyewe, kwa miaka minane hatukuzungumza zaidi ya salamu za sikukuu. Alijifunza hoteli, akapata kazi Arusha, na mimi habari hiyo nilikuwa sijaipata. Siku moja simu yangu ikaleta muamala wa shilingi 40,000 kutoka namba nisiyoijua. Wakati huo miwani nilishanunua, nikausoma mwenyewe mara tatu. Nikajua tu kwamba yule mzee amerudi. Sikuigusa fedha, nikaizima simu kwa siku mbili, na nilipoiwasha ikaita namba ile ile. Nilipokea bila kutoa sauti, nikimngoja aseme kwamba amekosea.

Akasema, "Mjomba, shikamoo. Hiyo hela usimrudishie mtu."

Mama Wawili
Fundi, nimekusamehe nusu.

Shangazi wa Soni
Nawashukuru nyote, na samahani kwa kukawia, kwa kuwa leo nilishinda ofisi za ardhi. Barua yangu iliyonyooka imerudishwa. Karani, kijana mdogo kabisa, ameniuliza kwa upole namba ya kiwanja niliyoiandika ni ya wapi, maana kitalu hicho hakimo kwenye ramani ya mji. Mimi sikuitaja namba yoyote, na mpwa wangu, au mwanangu kama anavyotaka Mlinzi, ameapa kwamba naye hakuitaja; ile akili imejitungia yenyewe. Amekaa kizingitini tangu tulivyorudi, ameishika barua kwa ncha za vidole. Nimeshatoa kalamu na karatasi ya mistari, nangoja aje tuiandike upya.