Mzee anataka makumbusho ya Loiyangalani, mimi niko na Fielder. Nishaurini

Kijana_wa_Umoja
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wale wamewahi kufika Ziwa Turkana upande wa Marsabit, si upande wa Lodwar. Baba yangu alikuwa mwalimu wa GHC (jiografia, historia na uraia), amestaafu kitambo, na miaka yote amefundisha watoto wa watu kuhusu hilo ziwa na hajawahi kulitia macho. Mpaka leo analiita Rudolf na jina lilibadilishwa 1975. Sasa juzi redioni akasikia kuna makumbusho ya jangwa Loiyangalani, iko juu ya kilima inaangalia ziwa, na tangu hio siku hapa nyumbani hakuna stori ingine. Desemba hataki Mombasa, hataki ocha, anataka huko.

Mke wangu anasema ni wazimu kuendesha siku mbili kwenda kuona chumba cha vibuyu. Dadangu anasema tumpeleke tu ile makumbusho ya Museum Hill hapa Nairobi, ni matatu moja na jioni analala kwake. Na kusema kweli nimeangalia picha nikaona ni nyumba ndogo na mawe, basi. Mzee ana presha, inatulia na dawa, na goti moja linamsumbua. Gari ni Fielder. Pesa ya ndege haipo. Niende ama nimtulize na maneno?

Dereva_wa_Laisamis
Fielder iache Umoja boss. Si dharau. Kutoka Nairobi mpaka Laisamis ni lami safi, unapita Nanyuki, Isiolo, Archer's Post, hapo hata Vitz inafika. Ukikata kushoto Laisamis ndio unaanza ile barabara ilitengenezwa na watu wa mradi wa umeme wa upepo, kama kilomita 200 hivi mpaka Sarima, haina lami lakini inapitika vizuri kama hakujanyesha. Hapo Sarima utaona mapanka 365, mzee atapenda hio kama alifundisha jiografia, upepo unakuja umebanwa na milima ndio maana waliweka pale, megawati 310, na stima yote inapelekwa na nyaya mpaka Suswa huku kwetu. Sasa baada ya hapo kuteremka ziwani ni mawe meusi ya volkeno, yana makali, tairi ya gari ya mjini inachanika kando na pancha ya kando haizibiki. Tafuta Land Cruiser ya kukodi pamoja na dereva wa huko, spea mbili, na jaza tangi Isiolo usitegemee mbele.

Ile njia ingine ya Maralal na Baragoi ni nzuri kwa macho lakini kabla uitumie uliza hali ya usalama wiki hiyo hiyo, si mwezi uliopita. Na Desemba mvua ikinyesha Mlima Kulal, laga (mito mikavu ya msimu) zinajaa ghafla hata kama kwako jua linawaka. Ukikuta maji kwenye laga zima gari usubiri. Usiingie ati kwa sababu lori limepita.

Msomi_Kinoo
Mimi niko na dadako. Huko hakuna kitu ambacho hakiko hapa Nairobi. Yule Turkana Boy, ile mifupa ya kijana wa kale, si ako Museum Hill? Mpeleke akamwone, mnunulie samaki, mrudi.

MamaWaBuru
@Msomi_Kinoo unachanganya mambo mawili ndugu yangu. Ni kweli mifupa ya Turkana Boy inatunzwa Nairobi, lakini yule aligunduliwa 1984 na Kamoya Kimeu pale Nariokotome, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Ukienda Loiyangalani ukitafuta mafuvu ya kale utarudi umenuna. Ile ilifunguliwa 2008 na iko chini ya Makumbusho ya Taifa, kazi yake ni kuonyesha watu walio hai pale sasa, El Molo, Turkana, Samburu, Rendille na majirani wao. Na Koobi Fora, kule wanachimba mifupa ya kale, msiichanganye nayo pia, hio iko mbuga ya Sibiloi, kaskazini zaidi, ni safari ingine kabisa.

Kijana nikujibu wewe sasa. Ni ndogo. Mkienda kwa haraka mtamaliza kabla chai ipoe, na mkeo atakuwa ameshinda. Tuliingia na mtunzaji, kijana wa pale pale, na yeye ndiye makumbusho yenyewe ukiniuliza, vitu ukutani ni kisingizio tu cha yeye kuanza kuongea. Akatueleza kile kigoda kidogo cha Waturkana, ekicholong, mzee anakikalia mchana na usiku anakilaza kichwa, nikaona ni sawa, ni kipande cha mti. Kesho yake asubuhi tunashuka mjini namkuta mzee amelala chini ya mti kwa pembe, shingo imekaa juu ya hicho kitu, kichwa hakijagusa mchanga, shuka imefunika macho kwa sababu ya vumbi. Bila jana yake ningepita tu. Kwa hivyo ushauri wangu muanze na makumbusho siku mtakayofika, jioni jioni hivi jua likipungua, muulize mapema saa za kufunga. Wengi wanaiacha mpaka siku ya kuondoka na hapo inakuwa haina maana.

Halafu upepo jamani. Usiku na asubuhi unavuma mpaka unasikia mabati yanaomba msamaha. Kofia ya mzee iwe na kamba.

Clinical_Kayole
Kuhusu presha. Apelekwe kliniki kwanza kabla ya safari, na umwambie daktari wazi kwamba mnaenda joto la digrii 35 kwenda juu, kwa sababu kuna dawa za presha za kukojosha na mtu akikauka maji kwenye joto hilo anaweza kuzunguka kichwa akaanguka. Asijiachishe dawa mwenyewe tafadhali, wazee wanapenda hiyo. Abebe dawa za kuzidi siku za safari. Maji ya kunywa mbebe mengi, ya ziwa ni ya magadi kwa sababu ziwa halina mahali pa kutokea, Mto Omo unaleta na jua linakausha. Hospitali kubwa iko mbali, kwa hivyo kama hajisikii vizuri mkiwa Isiolo, geukeni hapo hapo.

Goti: kupanda kilimani mwende na gari mpaka juu.

Nkirda_wa_Ziwani
Mimi ni wa huko, nafanya kazi Nairobi. Hio ya chumba cha vibuyu imeniuma kidogo lakini nimesamehe 😂

Mzee mwalimu msimnyime. Ila makumbusho peke yake haitoshi, mpelekeni pia kwa El Molo. Ni watu wachache, sensa ya 2019 iliwahesabu kama 1,100 hivi, na lugha yao ya zamani ilishapotea, wengi wanaongea Kisamburu. Kijiji cha Komote zamani ulifika kwa miguu, ziwa lilivyopanda miaka ya hivi karibuni likakizunguka, sasa mnavuka kwa boti. Makaburi ya wazee wetu mengine yako chini ya maji. Mkifika salimieni wazee kwanza, simu ibaki mfukoni mpaka mkubaliwe kupiga picha, na mkubaliane bei ya boti kabla ya kupanda. Mvuke wakati upepo umetulia, mwenye boti atawaambia, na akisema leo hapana msimbembeleze. Jaketi za kuokolea muulizie kabla, na msiogelee ovyo, mamba wako.

Shanga mkinunua nunueni kwa mama aliyezitengeneza.

Kijana_wa_Umoja
Asanteni sana, nimemsomea mzee yote. @Nkirda_wa_Ziwani pole kwa vibuyu, mwenye maneno amesoma na amecheka. Tumeamua hivi: Jumamosi hii Museum Hill na dadangu ndio na yeye aridhike, wiki ijayo kliniki, Desemba tukodi Land Cruiser na dereva kwa njia ya Laisamis, tulale Isiolo ndio mzee asichoke. Mke amesema atakuja kama kuna choo cha kueleweka. Mzee ameanza kuandika maswali ya kumuuliza huyo mtunzaji, amejaza kurasa mbili na ako kwa Teleki, yule mzungu aliyeliita ziwa Rudolf 1888.

Swali moja tu limebaki, huko M-Pesa inafanya?

Nkirda_wa_Ziwani
Inafanya mjini, netwaki ikiwa na moyo. Tiketi za makumbusho za serikali siku hizi ni eCitizen kwa hivyo lipieni mapema mkiwa na intaneti. Ya boti na shanga bebeni kesh, noti za mia na mia mbili, ya elfu hakuna wa kukuchenjia. Choo kipo kwa lodge, mwambie mama asijali.

Dereva_wa_Laisamis
Nitumie ujumbe pembeni nikupe bei za kukodi. Na mwambie mzee akae mbele, nyuma ya Cruiser goti litalia.