Huntington (ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo taratibu): mtu haumwi, anapigwa picha ya ubongo ya nini?

mdau_kimya: Wakuu, kipimo cha damu si kinaonyesha kama umerithi jeni? Sasa MRI (hizo picha za ubongo) za nini tena kwa watu wasioumwa kabisa, si kuchoma hela tu?

Kisomo254: Damu inasema unayo, CAG (kipande cha hiyo jeni kinachojirudia) zikifika 40 ugonjwa utakuja ukijaliwa umri, ila haisemi ubongo umefika wapi. MRI ya kawaida inapima sehemu za ndani zinavyosinyaa, hii fMRI (MRI ya kuona ubongo ukifanya kazi) inafuata damu yenye oksijeni huku umelala mle ndani ya mashine unakumbukakumbuka herufi unazoonyeshwa. Kuna tafiti wenye jeni walipata maksi sawa na wasio nayo ila ubongo ukawasha maeneo ya ziada, yaani fundi mmoja kachoka wenzake wanambebea zamu!

mama_T: Taratibu jamani. Mgonjwa ambaye mwili unachezacheza hatulii, picha zinaharibika. TRACK-HD yenyewe (utafiti mkubwa wa Huntington wa London, Paris, Leiden, Vancouver) kilichowaonyesha zaidi ugonjwa unavyosonga ni ule usinyaaji.

mdau_kimya: So hiyo fMRI haiwezi kuniambia mimi nitaanza lini?

mama_T: Hapana, inalinganisha makundi. Na kabla ya hiyo damu ona mshauri wa jeni kwanza, majibu hayarudishwi.