Kimondo nilichokiona jana kimeangukia wapi, na mbona wengine wanakiita nyota mkia?

kesha_nje
Wakuu habarini. Naomba msaada kwa mnaofuatilia mambo ya anga. Jana usiku nlikua nimekaa nje naongea na simu mara kikapita kitu angani kina mwanga mkali wa kijani hivi, kimeacha mkia mrefu, kikashuka kikaishia nyuma ya mlima, yani kama sekunde 4 tu imeisha. Nikakata simu hapo hapo nikabaki nasikiliza kama ntasikia kishindo, kimya kabisa, baada ya kama dakika 2 nikaingia ndani. Sasa je, nikienda huko nyuma ya mlima naweza kukiokota? Na nikiite nani, kimondo, nyota mkia au asteroidi? Maana kila ninayemuuliza ananipa jina lake, na mkia nimeuona kwa macho yangu.

darubini_kuukuu
Mkuu hongera kwanza, kuna watu tunakesha miezi na miezi hatujaona cha namna hiyo.

Hicho ni kimondo, tena kikubwa. Nyota mkia haipiti kwa sekunde 4 hata siku moja. Nyota mkia ukiiona leo kesho unaikuta tena imesogea kidogo tu, inaweza kukaa angani wiki kadhaa. Ni donge la barafu na vumbi, likisogelea jua barafu inageuka kuwa gesi inatoka na vumbi, na hapo ndo mkia unapozaliwa. Na kitu ambacho mi kilinishangaza sana nilipokisoma mara ya kwanza ni kwamba ule mkia hauonyeshi nyota imetokea wapi, unaelekea upande wa kulikimbia jua siku zote, kwa hiyo ikishalizunguka jua na kuanza kurudi ilikotoka inatembea mkia ukiwa umetangulia mbele. Ile maarufu ya Halley ilikuja 1986, itarudi 2061.

Mkia uliouona wewe ni kitu kingine, ni hewa na mvuke wa jiwe lenyewe ving'aavyo nyuma yake.

Asteroidi sasa ni jiwe likiwa bado huko huko linazunguka jua, mengi yapo kati ya Mirihi na Mshtarii. Kubwa kuliko yote ni Ceres, upana kama kilomita 940, iligunduliwa 1801 na siku hizi wameipandisha iko kwenye kundi la sayari kibete. Kipande kikimeguka kwenye asteroidi kikaja kuingia kwenye hewa yetu kikawaka, hapo ndo tunaita kimondo. Jiwe ni lile lile, jina linabadilika kutokana na lilipo.

mpita_njia88
Naongezea, kinachokiwasha ni msuguano na hewa, na kikifika chini kinakua cha moto balaa usije ukakishika kwa mkono

darubini_kuukuu
@mpita_njia88 hapo ndugu yangu turekebishane kidogo. Msuguano upo lakini kazi kubwa inafanywa na hewa inayobanwa mbele ya jiwe. Vimondo vinaingia kwa kasi ya kuanzia kilomita 11 kwa sekunde hadi 72, hewa haipati nafasi ya kupisha, inabanwa inakua ya moto mno, ndo inalichoma jiwe. Na kuhusu kufika cha moto, vile vidogo kwa kawaida haviko hivyo. Ndani jiwe lilikua na baridi ya huko juu, ile ngozi ya nje iliyoyeyuka inapeperushwa, afu mwisho linashuka polepole linapoa. Linafika vuguvugu au baridi tu.

zuhura_alfajiri
Niongelee hilo la kukiokota maana ndo swali lenyewe na nadhani linawapotosha wengi sana. Jicho linakudanganya kaka (au dada, samahani sijui). Kimondo kinaanza kuwaka kama kilomita 100 juu, na hata vile vikubwa vinavyoangusha mawe huwa vinazimika vikiwa bado kilomita 20 au 30 juu. Sasa kitu kilicho juu hivyo ukikiona kinaishia usawa wa mlima maana yake kiko mbali mno, mamia ya kilomita huko, sio nyuma ya mlima wako. Baada ya kuzimika kama kuna kilichobaki kinaanguka gizani bila mwanga wowote, upepo unakisukuma, hakuna anayekiona tena.

Na sauti nayo ndo hivyo hivyo, inatembea kama kilomita 1 kila sekunde 3. Kikipasuka kilomita 100 kutoka ulipo unangoja dakika 5 na zaidi, wewe umengoja 2 ukaingia ndani. Kwa umbali wa hicho chako pengine usingesikia kitu kabisa.

Hili la kuchelewa kwa sauti watu walijue kwa kweli. Kule Chelyabinsk, Urusi, 15 Februari 2013 lilipasuka jiwe la kama mita 20, watu wakaona mwanga mkali wakakimbilia madirishani kuangalia, wimbi likafika zaidi ya dakika 1 baadae vioo vikawapasukia usoni. Walioumia walikua kama 1,500, wengi ni kwa vioo. Ukiona mwanga wa kutisha namna ile kaa mbali na dirisha.

jiwe_jeusi
Samahani naingilia, mi nina jiwe jeusi zito nililiokota lina matundu matundu mengi, inawezekana ni kimondo?

zuhura_alfajiri
Matundu ndo yanalikataa hilo. Jiwe la kimondo halina mapovu ndani, lina ngozi nyembamba nyeusi kwa nje, ni zito kuliko linavyoonekana na mara nyingi sumaku inalivuta. Lenye matundu mengi kwa kawaida ni uchafu uliobaki chuma kilipoyeyushwa, au jiwe la volkano.

darubini_kuukuu
@kesha_nje usikate tamaa lakini. Ulichokiona kina faida hata usipookota kitu. Shirika la Kimataifa la Vimondo wana fomu ya bure mtandaoni, unajaza saa, kilipoanzia na kilipoishia. Wakipata maelezo ya watu wa sehemu tofauti wanakutanisha ile mistari wanajua kimepita juu ya wapi na mabaki yatafutwe upande gani. Rudi usimame pale pale ulipokua jana, nyoosha mkono ukunje ngumi, ngumi moja ni kama digrii 10, hesabu ngumi ngapi kutoka usawa wa ardhi. Saa ndo muhimu kuliko vyote ila najua watu huwa hawaikumbuki.

kesha_nje
Aisee asanteni sana wote, yani nlikua nimeshajipanga kupanda mlima Jumamosi. Nimetoka nje sasa hivi nimesimama kwenye kiti kile kile. Kilianza kama ngumi 4 juu, kikaishia kushoto kidogo kwa kilele. Na saa ninayo, simu nliikata kile kitu kilivyozimika tu, kwenye orodha ya simu inasoma saa 4 na dakika 12 usiku. Najaza hiyo fomu.