Menyu moja, Waingereza na Wamarekani: niiandikeje wasichanganyikiwe?

JikoLaCapri:
Wakuu, habari za jioni. Tunafungua jiko la nyumba ya wageni hapa Capri Point, Mwanza. Wageni wengi watakuwa Waingereza na Wamarekani wanaolala usiku mmoja kabla ya kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Menyu ni ya Kiingereza. Nimeambiwa neno "chips" hawalielewi sawa, na "biscuit" vivyo hivyo. Ni maneno gani mengine yanagongana, na wahudumu wajiandae na nini nje ya chakula? Samaki wetu ni sato na sangara.

Mkalimani_Nyegezi:
Mkuu, kuna jambo moja litakupunguzia kazi. Kiswahili chetu kilikopa kwa Mwingereza, aliyetawala Tanganyika mpaka 1961. Tochi, lori, spana, petroli, lifti, nepi, biskuti, boneti na buti la gari, yote ni maneno ya Uingereza. Mmarekani anasema "flashlight", "truck", "wrench", "gas", "elevator", "diaper", "cookie", "hood" na "trunk". Kwa hiyo mhudumu wako ana msamiati wa Mwingereza mdomoni tayari. Orodha ya kubandika ukutani iwe ya Mmarekani.

Sasa chakula. "Chips" kwa Mwingereza ni viazi vya moto, vinene, kama chipsi zetu. Kwa Mmarekani ni vile vyembamba vikavu vya pakiti. Andika "fries", wote wataelewa. "Biscuit" ya Mmarekani ni kimkate laini kilichoumuliwa kwa bekingi pauda, kinaliwa cha moto na siagi asubuhi. Ukimletea biskuti za pakiti atadhani umekosea meza. "Jelly" kwa Mwingereza ni kitindamlo cha jelatini kinachotikisika. Mmarekani akiomba "toast and jelly" mpe jemu. "Lemonade" ya Mwingereza ni soda nyeupe, ya Mmarekani ni limau lililokamuliwa, maji na sukari. "Entrée" usiiandike kabisa, kwa maana Mmarekani anaitumia kwa mlo mkuu na wengine kwa kianzio.

Chai ndiyo yenye mitego. Mwingereza anataka maji yanayochemka kabisa yamiminwe juu ya majani, yakae dakika 3 hadi 5, na maziwa baridi kwenye kijagi kando. Maziwa yakichemshwa pamoja na majani, kwake hicho ni kinywaji kingine. Mmarekani akisema "tea", hasa wa majimbo ya kusini, huenda anataka ya baridi yenye barafu, basi muulize: "Hot or iced?" Na neno "chai" lenyewe wote wawili hulisoma kama chai ya maziwa yenye viungo. Ukiliandika kisha ukaleta ya rangi, watauliza tangawizi iko wapi.

Mayai: "sunny side up" haligeuzwi. "Over easy" unaligeuza kwa sekunde 15 hadi 20 tu, kiini kibaki majimaji. "Over hard" kiini kiive kabisa. Mpishi ayajue haya matatu kwa moyo, maana Mmarekani hatayafafanua.

Ukipika kwa mapishi ya intaneti, angalia yametoka nchi gani. "Cornflour" ya Uingereza ni ule wanga mweupe wa kufanya mchuzi uwe mzito, Marekani ni unga laini wa mahindi. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Na oveni ya 350 ni Farenhaiti, yaani kama 180 ya Selsiasi.

SatoNaSangara:
Kwa "fish and chips" tumia sangara, sato ana mnofu mwembamba. Kata vipande vya gramu 150 hadi 180, unene wa sentimita 2. Rojo la watu wanne: unga wa ngano gramu 200, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko, bia baridi sana mililita 250. Kausha samaki kwa kitambaa, mpake unga mkavu, ndipo umchovye. Mafuta yawe nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 6 hadi 8.

Rojo likiteleza na kuacha mnofu uchi, samaki alikuwa na maji. Likinyonya mafuta, umejaza karai vipande vingi na moto umeshuka. Likilowa mezani, ulimfunika kwenye hotpoti. Mweke juu ya waya, hewa ipite chini.

Mwingereza atataka chumvi na siki, Mmarekani ketchup. Sato mzima mwandike "whole tilapia, head on". Wengi wao wamezoea mnofu usio na mifupa, kichwa kikitua mezani bila taarifa chakula kinarudi jikoni.

Usukani_Ndabaka:
Kilicho hatari kuliko chakula ni tarehe. Mmarekani akiandika 3/8 anamaanisha Machi 8, Mwingereza Agosti 3. Kwenye fomu ya kuagiza chumba, mwezi uandikwe kwa jina. Mwingereza akisema "half seven" ni 7:30, yaani saa moja na nusu yetu. Mrudishie kwa tarakimu kabla dereva hajapangiwa. "First floor" ya Mmarekani ni chini kabisa, ya Mwingereza ni ghorofa ya kwanza kama yetu. Na dobi ajue: "pants" kwa Mwingereza ni chupi, kwa Mmarekani ni suruali. Mmarekani akiomba "check" anataka bili.

Kuhusu tabia, msiwafundishe wahudumu kwamba Mwingereza ni mkavu na Mmarekani ana kelele. Wafundisheni maneno. "You all right?" ya Mwingereza ni salamu tu. "Not bad" yake ni sifa, lakini "quite good" mara nyingi ina maana ya wastani, wakati kwa Mmarekani ni nzuri sana. Bahashishi msiitumie kupima heshima: Marekani mgahawani ni desturi asilimia 15 hadi 20, Uingereza kama 10, na mara nyingi imo ndani ya bili. Halafu sisi tunasema "Mwingereza" kwa wote, ila mtu wa Uskoti au Wales akiitwa "English" anaumia. Semeni "British".

JikoLaCapri:
Asanteni sana wakuu. Na barafu?

SatoNaSangara:
Mmarekani jaza glasi, Mwingereza vipande viwili. Igandisheni kwa maji ya chupa na muiandike hivyo kwenye menyu, la sivyo wote wawili wataiacha kwenye glasi.