Jina la kwenye mtambo SI jina la fundi! Tumechoka na ubabaishaji kwenye bunduki ndefu za Pennsylvania

Wakuu,

Nafungua uzi huu kwa hasira na siombi radhi. Nazungumzia zile bunduki za kale za kujaziwa mdomoni, za karne ya 18 na 19. Kila mara ni yale yale: mtu anatupia picha moja, ya mtambo tu (kile kifaa cha ubavuni chenye nyundo, kinachowasha baruti), imepigwa usiku kwa mwanga wa balbu, anauliza "hii kaunda nani?" Kwenye kibao cha mtambo pameandikwa KETLAND. Hazipiti dakika kumi, wajuaji wameshajaa: "Hongera mkuu, hiyo Ketland halisi ya Kentucky."

Ketland ya Kentucky! Kentucky ni jina lingine tu la bunduki hizi ndefu, na Ketland walikuwa Birmingham, Uingereza. Walipeleka mitambo Marekani, na mafundi wa Lancaster, Reading na kwingineko Pennsylvania wakainunua kama seremala wa leo anavyonunua kitasa dukani. Ukikuta mlango una kitasa cha Union, utasema nyumba ilijengwa na Union? Na GOLCHER ndiyo balaa zaidi. Jina hilo limegongwa kwenye mitambo ya fataki (nyundo inagonga kikofia cha kulipuka; ilikuja baada ya gumegume, ile ya jiwe la cheche) iliyofungwa na mafundi wa majimbo tele, lakini bado mtu anatangaza mnada kwa jina la Golcher. Mtambo unasaidia kukisia umri, basi, tena kama ni ule ule wa mwanzo.

Saini ya fundi, ikiwepo, inatafutwa juu ya MTUTU. Mtutu una pembe nane. Angalia bapa la juu, kati ya mwisho wa nyuma na kilengeo cha nyuma. Mara nyingi ni mwandiko wa mkono uliochorwa kwa kina kidogo sana, kutu ikala nusu yake. Zima taa, laza tochi ubavuni mpaka mwanga uteleze juu ya chuma, kisha izungushe polepole. Herufi ambazo hukuziona mchana zitajitokeza zenyewe. Zikigoma, weka karatasi nyembamba juu ya bapa na usugue kwa penseli laini iliyolazwa. Mkisoma, kumbukeni kwamba karne ya 18 herufi I na J zilitumika kwa kupokezana, kwa hiyo "I" ya kwanza inaweza kuwa Jacob au John. Na herufi zilizo kwenye kipande cha fedha juu ya shingo ya kitako mara nyingi ni za mwenye bunduki, wala si za fundi.

Sasa nyie mnaosugua kwa waya wa masufuria "ili jina lionekane vizuri". Mnaua ushahidi. Saini ya kweli imezeeka pamoja na chuma kilichoizunguka: ndani ya mfereji wa herufi kuna rangi ile ile ya kahawia, kingo zimelainika. Saini ya kughushi inakata ule uzee, na ukiitazama kwa lenzi ya mara 10 unaona chini ya mfereji panang'aa au pamepakwa dawa, kingo zikiwa kali bado. Ukishasugua, zote mbili zinafanana. Halafu unarudi hapa kulia kwamba hakuna anayekuamini.

Na kabla ya yote hayo, jamani, hakikisheni haijashindiliwa! Hizi ni bunduki za kujaziwa mdomoni, kama gobore, na nyingine zimekaa na baruti ndani miaka na miaka. Ingiza kijiti cha mbao mpaka kigote, weka alama pale mdomoni, kitoe, kilaze nje sambamba na mtutu. Alama ikiwa mdomoni, ncha yake inapaswa kufika karibu na kitundu cha moto, yaani kile cha ubavuni nyuma ya mtutu kinachopitisha moto kwenda kwenye baruti. Ikiishia sentimita tatu au nne kabla, kuna kitu ndani. Usichokoe wala usiisogeze karibu na moto. Mpelekee fundi wa bunduki za baruti.

Kingine kinachonichefua ni kulazimisha mtutu utoke ili kusoma alama za chini. Ndiyo, chini ya mtutu kunaweza kuwa na muhuri wa aliyefua mtutu na alama za kuunganishia vipande. Lakini aliyefua mtutu naye si lazima awe aliyeunda bunduki! Na mbao ya mbele ni nyembamba mno, inapasuka kama gamba la yai. Mtutu wa bunduki yenye mbao mpaka mdomoni umeshikwa na vipini vidogo vinavyopita ubavuni pamoja na skrubu ya mkia wa nyuma (ulimi wa chuma nyuma ya mtutu unaolala kwenye mbao). Toa mdeki (fimbo ya kushindilia) kwanza, kisha mtambo, kisha skrubu ya mkia, halafu sukuma vipini kwa ncha nyembamba kuliko kipini chenyewe, ukiandika kila kimoja kimetokea upande gani. Kipini kikigoma, acha.

Bunduki nyingi hazina saini kabisa, na hapo ndipo wababaishaji wanapopata riziki. Bila saini unasoma umbo, na umbo linakupa eneo kabla ya kukupa mtu. Tuanze na maeneo ya Pennsylvania. Lancaster: mstari wa juu wa kitako umenyooka, na kisanduku cha shaba cha kuwekea vitambaa vya risasi mara nyingi kinaishia na ua la deizi. Reading na Lehigh: mgongo wa kitako umepinda kama pua ya kipanga, na ile ya Lehigh ni nyembamba, imeinama kwa namna yake. Bedford: kila kitu chembamba, mtambo mrefu wa kutengenezwa hapo hapo, nyundo imejikunja kwa madaha. Milima ya Tennessee na Carolina: mara nyingi chuma badala ya shaba, mbao haina makuu, na pengine hakuna kisanduku ila kitundu cha kuwekea mafuta. Kisanduku chenye kifuniko cha mbao cha kuteleza kwa kawaida ni cha mapema kuliko cha shaba chenye bawaba. Bamba la mwisho wa kitako likiwa pana na karibu bapa, fikiria karne ya 18. Likiwa jembamba na limejipinda kama mwezi mwandamo, uko ndani ya karne ya 19.

Hata hivyo pimeni kabla ya kubishana. Mitutu mingi ilikuwa kati ya inchi 42 na 46, yaani sentimita 107 hadi 117. Ile ya mapema ni minene nyuma, inapungua katikati, kisha inatanuka kidogo mdomoni. Ikikosa huo mtanuko, ulizeni kama imekatwa mbele. Nafasi kati ya kipini na kipini zikiwa hazina mpangilio, au mtutu ukawa mfupi upande wa nyuma na saini imekaa karibu mno na mkia, basi umekatwa nyuma kwa sababu kitundu kililiwa na moto. Na ile "gumegume halisi"? Tazama kama kibao cha mtambo kina matundu yaliyozibwa, na kama chuma kilicho karibu na kitundu kimeliwa na baruti. Mtambo unaodai umri wa 1780 na pembeni yake chuma kisafi, huo ushuku kwamba umebadilishwa kutoka fataki kurudi gumegume juzi juzi.

Mnaodhani saini inamaliza mjadala, kumbukeni bunduki ya fundi Christian Oerter wa kijiji cha Christian's Spring, Pennsylvania, yenye saini na mwaka 1775. Iliibwa kwenye jumba la maonyesho la Valley Forge, huko huko Pennsylvania, mwaka 1971. Miaka mingi baadaye muuzaji wa vitu vya kale aliikuta ghalani Berks County, akainunua kwa dola 4,000 akidhani ni nakala ya kisasa! Jina lipo, mwaka upo, na bado mtu wa kazi hiyo alidanganyika kwa kuifikiria feki. Nyie mnataka kutoa hukumu kwa picha moja ya mtambo?

NYONGEZA: Kwa mkuu aliyeuliza kuhusu "J.M." na akajibiwa papo hapo "John Moll": Moll yupi? Allentown, Pennsylvania, walikuwepo mafundi watatu wenye jina John Moll, baba, mwana na mjukuu, na herufi J.M. ni za watu wengi nje ya ukoo huo. Lete picha ya ubavu wote wa kulia na wa kushoto, bapa la juu, kisanduku kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, bamba la kitako kwa nyuma na rula pembeni. Toa urefu wa mtutu bila mkia, na upana wake nyuma, katikati na mdomoni. Bila hivyo sijibu.